Mguu wa Kulia wa Sadaharu Oh

Filamu za zamani za Yomiuri Giants ya Tokyo si za kujivunia. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, zina mikwaruzo, na mpira wenyewe mara nyingi hauonekani. Lakini kuna jambo moja ambalo hata mtu asiyejua kanuni hata moja ya besiboli hawezi kulikosa. Mrushaji anaanza kujikunja ili autupe mpira. Mpigaji, mtu wa kimo cha kawaida tu, sentimita 177, ananyanyua mguu wake wa kulia taratibu mpaka goti linafika usawa wa mkanda, unyayo akiuvuta ndani kuelekea goti la pili. Anabaki hapo. Mrushaji anamaliza kujikunja, mkono unazunguka, mpira unatoka, na yule bwana bado yuko juu ya mguu mmoja, gongo limesimama nyuma ya bega, hatikisiki. Ukimtazama kwa mara ya kwanza unatamani umpigie kelele kwamba amechelewa. Hajachelewa. Mguu unashuka, kiuno kinageuka, gongo linapita, na watazamaji wa upande wa kulia wanaanza kusimama.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji husimama mita 18.44 kutoka alipo mpigaji, anarusha mpira mgumu wa ngozi, na mpigaji anajaribu kuugonga kwa gongo la mbao lililochongwa mviringo. Mpira ukivuka uzio wa mwisho wa uwanja bila kugusa chini, ndani ya mistari miwili ya mipaka, hiyo ni homurani. Mpigaji anazunguka vituo vyote vinne kwa raha zake na hakuna wa kumzuia. Sadaharu Oh alipiga homurani 868 katika mechi za ligi kuu ya Japani kati ya 1959 na 1980. Barry Bonds, anayeongoza Marekani, ana 762. Hank Aaron alikuwa na 755, Babe Ruth 714. Hakuna ligi kuu ya nchi yoyote iliyotoa mtu wa kuifikia ile 868.

Wageni waliuita mkao wake mkao wa heroe, na yeyote aliyewaona heroe wa Ziwa Natron wakiwa wamesimama majini hatauliza kwa nini. Jina hilo lina ubaya wake, maana linaufanya ule mguu uonekane pambo, madoido ya mtu aliyetaka kujulikana kwa mbali. Ukweli ni kwamba mguu ule ulikuwa dawa. Oh alikuwa na ugonjwa katika upigaji wake, ugonjwa uliokaribia kumfukuzisha kazi, na alipokuwa ameshafikisha umri wa miaka 22 alipewa dawa ambayo hakuna mtu wa kawaida angekubali kuinywa mbele ya watu. Akainywa, na akaendelea nayo kwa miaka 19.

Tuanze na ugonjwa. Oh alizaliwa Tokyo Mei 20, 1940, baba Mchina na mama Mjapani, wenye mkahawa mdogo wa vyakula vya Kichina. Kwa maumbile alikuwa wa mkono wa kushoto, akarusha mpira kwa kushoto, lakini utotoni alikuwa akipiga kutoka upande wa kulia kama wenzake. Siku moja kwenye bustani karibu na Mto Sumida, mchezaji wa kulipwa aliyekuwa anapita, Hiroshi Arakawa, akasimama kuwatazama watoto, akamuuliza yule kijana kwa nini hapigi kwa upande wake wa asili. Kijana akahama upande, akaugonga mpira ukaenda mbali. Wakaachana. Mmoja wao angeweza kusahau kabisa, na huenda historia ya besiboli ya Japani ingekuwa nyingine.

Shuleni Waseda Jitsugyo Oh alijulikana kama mrushaji, wala si mpigaji. Mwaka 1957 aliipatia shule yake ubingwa wa mashindano ya majira ya kuchipua kwenye uwanja wa Koshien, akirusha huku vidole vimechubuka na mpira umepata damu. Giants walimsajili kwa 1959, wakaona hatafika mbali kwa kurusha, wakamwambia apige. Akaanza ligi kwa kukosa. Akakosa tena. Mara 26 alisimama kupiga bila kupata hata pigo moja la kufika kituoni, na la kwanza lilipokuja lilikuwa homurani. Msimu ukaisha akiwa na wastani wa .161, yaani takriban pigo moja tu katika kila majaribio sita, na watazamaji wa nyumbani kwake wakimzomea kwamba ni mfalme wa kukosa. Miaka miwili iliyofuata alijikongoja: homurani 17, kisha 13. Kwa klabu tajiri kuliko zote nchini, hiyo ilikuwa hesabu ya mtu aliyekalia kuti kavu.

Kasoro ilikuwa mikononi. Mrushaji alipokaribia kuuachia mpira, mikono ya Oh, badala ya kutulia nyuma ya bega ikingoja kuanza safari, ilishuka kwanza, ikapanda, ndipo ikaja mbele. Ni kitendo kidogo sana, cha kufumba na kufumbua. Lakini mpira unaokwenda kilomita 145 kwa saa hufika kwa mpigaji kabla ya nusu sekunde, na gongo lenyewe, hata mikono ikiwa imetulia, linahitaji karibu theluthi ya muda huo ili lizunguke. Kinachobaki ndicho muda wa kuona, kutambua na kuamua. Mtu anayeutumia muda huo kupandisha na kushusha mikono ameshaula mtaji. Tena mwili wake nao ulikuwa unatangulia. Uzito ulimwagikia mguu wa mbele mapema, kwa hiyo hata mpira wa taratibu, ule wa kumhadaa, ulimkuta amekwishajitoa.

Makocha walikuwa wameyaona yote haya. Kuiona kasoro ya mpigaji si kazi ngumu. Kila mtu jukwaani anaiona. Ugumu ni kwamba mikono haisikii amri. Ukimwambia mtu asishushe mikono, anafikiria mikono, na anapofikiria mikono mpira umeshapita.

Mwaka 1962 Giants chini ya Tetsuharu Kawakami walimwajiri Arakawa, yule yule wa bustanini, kuwa kocha wa upigaji. Kazi yake kubwa ilikuwa Oh. Miezi ya mwanzo haikuwa na maajabu. Kisha ikafika Julai 1, mechi mbili za siku moja dhidi ya Taiyo Whales mjini Kawasaki. Timu ilikuwa inasuasua, kikao cha makocha kilikuwa kikali, na lawama ziliangukia upande wa Oh, maana yake upande wa Arakawa. Arakawa akatoka humo ndani akamwambia kijana wake jambo ambalo walikuwa wamelijaribu mazoezini tu: leo, mrushaji akiinua mguu, na wewe inua wako.

Mantiki yake ni nzuri mno, na kila nikiirudia naiona nzuri zaidi. Ukiinua mguu wa mbele, uzito hauna pa kwenda ila mguu wa nyuma. Ukijaribu kuuwahisha mwili mbele, unaanguka. Na mtu anayejitahidi asianguke hana nafasi ya kuchezesha mikono. Mikono inatulia yenyewe, kwa sababu mwili mzima umeshughulika na kusimama. Arakawa hakumkataza Oh lolote. Alimpa kazi nyingine ambayo haiwezi kufanyika pamoja na lile kosa.

Siku hiyo Oh alipiga homurani. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa nazo 38, nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi yake, na uongozi huo wa homurani hakuuachia mpaka 1974: misimu 13 mfululizo. Jumla aliuchukua mara 15.

Masimulizi mengi huishia hapo, kama hadithi ya ngano ambapo mtu anapewa hirizi na mambo yanamnyookea. Mimi naona sehemu ya kustahi inaanzia hapa, kwa sababu kusimama kwa mguu mmoja kulizua tatizo jipya lililokuwa kubwa kuliko la kwanza. Warushaji si wajinga. Ukiona adui yako amesimama kwa mguu mmoja, unamcheleweshea. Unasita katikati ya kujikunja, unabadilisha mwendo, unaharakisha mara hii na kuvuta muda mara ijayo, ukingoja ayumbe. Kwa hiyo ili dawa ifanye kazi ilimbidi Oh aweze kukaa juu ya mguu wa kushoto kwa muda wowote atakaotaka mrushaji, bila kujua ni muda gani, na kutoka hapo aweze kupiga kwa nguvu zake zote.

Arakawa alikuwa mtu wa aikido, na alimpeleka Oh kwa mwanzilishi wa sanaa hiyo, mzee Morihei Ueshiba. Huko hawakwenda kujifunza kurusha watu chini. Walikwenda kujifunza mizani ya mwili, kuuweka uzito chini ya kitovu, na jambo moja ambalo wapiganaji wa Japani wanalitafakari sana: ile nafasi kati yako na mpinzani, ambayo ni ya umbali na ya wakati pia. Mpigaji wa kawaida anamwona mrushaji kuwa mwenye saa, yeye ni mfuataji. Oh alifundishwa kuidai ile nafasi iwe yake. Akiwa juu ya mguu mmoja ametulia, kuchelewa kwa mrushaji hakumsumbui tena; mpira lazima uje, na ukija utapita pale pale alipo yeye.

Kisha kulikuwa na upanga. Nyumbani kwa Arakawa, katika chumba cha mikeka ya tatami, walitundika darini kipande cha karatasi, na Oh akapewa upanga halisi, wa chuma, akikate. Kuna picha yake maarufu akiwa kifua wazi katika chumba hicho, kocha akiwa pembeni. Karatasi iliyoning'inia ni adui mwenye hila. Haina uzito, haina kinachoishikilia kwa chini. Ukiipiga kwa nguvu bila usahihi, upepo wa upanga unaisukuma kabla makali hayajafika, nayo inapepea kando kana kwamba inakucheka. Makali yakiwa yameinama hata kidogo, inakunjwa, haikatiki. Inakatika pale tu ambapo makali yanakuja yamenyooka na mwendo wake, mikono imelegea mpaka nukta ya mwisho, na nguvu haitoki begani ila kiunoni.

Fikiria sasa gongo la besiboli. Ni mviringo, unene wake wa mwisho hauzidi sentimita saba, na linakutana na mpira ambao nao ni mviringo. Ili mpira uende mbali, sehemu inayogusana ni ndogo kuliko sarafu. Ukiugonga juu yake kidogo, unadunda chini. Ukiugonga chini mno, unapaa wima na kudakwa. Mtu aliyezoea kuikata karatasi kwa upanga hahitaji kuelezwa tofauti ya kupiga kwa nguvu na kupiga sawasawa. Oh alipiga kama anayekata, kutoka juu kushuka, mpira ukaondoka ukijizungusha kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaouweka hewani muda mrefu zaidi.

Alifanya hivyo usiku baada ya usiku, baada ya mechi, kabla ya mechi, siku ya mapumziko. Mikeka ya tatami ilichakaa pale alipokuwa akisimamisha mguu wake wa kushoto. Ukweli ni kwamba mguu maarufu ni wa kulia, ule uliopigwa picha na kuchorwa na kuigwa na watoto wa Japani nzima. Lakini aliyefanya kazi ni wa kushoto, na mikeka ndiyo iliyoshuhudia.

Mwaka 1964 Oh na Arakawa walivuna. Mei 3, dhidi ya Hanshin Tigers, Oh alipiga homurani nne mfululizo katika mechi moja. Siku mbili baadaye Giants walikutana na Hiroshima Carp, na meneja wao Katsumi Shiraishi alikuja na hesabu. Alikuwa amechambua mipira ya Oh inakwenda wapi, akagundua kwamba karibu yote inakwenda kulia. Basi Oh aliposimama kupiga, wachezaji sita wa Hiroshima walihamia nusu ya kulia ya uwanja. Upande wa kushoto ulibaki mtupu kama ua wa shule siku ya likizo. Angeweza kuusukuma mpira kule polepole na kutembea mpaka kituo cha kwanza, mchana kutwa. Alikataa kubadilisha upigaji wake. Siku ile ile aliupitisha mpira juu ya vichwa vya wote sita na kuutoa nje ya uzio wa kulia, mahali ambapo hakuna meneja anayeweza kuweka mtu.

Ted Williams wa Boston alifanyiwa mtego wa aina hiyo na Cleveland mwaka 1946, naye kwa kawaida alikuwa mbishi vile vile, ila Septemba mwaka huo, ubingwa ukining'inia, aliupiga mpira kushoto kulikokuwa wazi, akakimbia vituo vyote vinne kabla haujarudishwa, na bao hilo moja likatosha. Ni homurani pekee ya aina hiyo maishani mwake. Naupenda ujanja wa Williams siku ile. Lakini naelewa pia kwa nini Oh hangeweza kuuiga: upigaji wake ulikuwa dawa ya kasoro iliyokuwa bado imejificha ndani, na kuucheza-cheza kwa ajili ya kituo kimoja cha bure kungeweza kumrudisha alikotoka. Msimu ule aliumaliza na homurani 55 katika mechi 140.

Warushaji wakaona heri wasimrushie kabisa. Mpigaji akirushiwa mipira minne mibovu, nje ya eneo la halali, anapewa kituo cha kwanza bure. Oh alipewa kituo cha bure mara 2,390 maishani mwake, mara 158 katika msimu wa 1974 pekee, uliokuwa na mechi 130. Kwa upande mwingine, aliondolewa kwa kukosa mara 1,319 tu. Namba hizi mbili ukiziweka pamoja zinaeleza mengi kuliko 868. Mpigaji wa homurani kwa kawaida ni mtu wa tamaa. Anazungusha gongo kwa nguvu zote, na kukosa sana ndiyo kodi yake. Oh alikuwa mtu wa nguvu aliyeweza kubaki juu ya mguu mmoja, akautazama mpira mbovu ukipita, akashusha mguu polepole, akangoja mwingine. Kisha mwingine. Wiki nzima inaweza kupita bila kupata mpira zaidi ya mmoja mzuri katika mechi, na ule mmoja ukija hana budi kuwa tayari kana kwamba alikuwa akipata kumi.

Wengine hawakutosheka na kumnyima. Septemba 1968 pale Koshien, Gene Bacque wa Hanshin alirusha mipira miwili karibu na kichwa chake. Arakawa, kocha, akatoka mbio kumvaa mrushaji, na katika vurumai hiyo Bacque alivunjika kidole gumba kwa kumpiga ngumi Arakawa kichwani. Mrushaji aliyeingia badala yake akampiga Oh na mpira kichwani kweli. Alitolewa uwanjani kwa machela. Alirudi, akainua mguu.

Mwaka 1977 ndipo dunia nzima ilipogeuza macho. Agosti 31 alimfikia Aaron, 755. Septemba 3, katika uwanja wa Korakuen, Yasujiro Suzuki wa Yakult Swallows alimrushia, na ya 756 ikaenda kulia, kama kawaida. Wazazi wake waliitwa uwanjani. Ni hapo ninapomfikiria zaidi baba yake, mwenye mkahawa. Mwaka 1957 kijana wake, aliyekuwa ameshaipa shule ubingwa wa Koshien, alizuiwa kucheza katika tamasha la taifa la michezo kwa sababu hakuwa raia wa Japani. Oh alibaki na uraia wa baba yake, wa Jamhuri ya China, na katika hali hiyo hiyo serikali ya Waziri Mkuu Takeo Fukuda ilianzisha mwaka 1977 Tuzo ya Heshima ya Taifa na kumpa yeye, akiwa wa kwanza kabisa kuipokea. Miaka 20 ilitenganisha mambo hayo mawili.

Wamarekani wengi walikuwa na pingamizi, na si zote za wivu. Korakuen ulikuwa uwanja mdogo, kona zake zikiwa kama mita 90 tu. Warushaji wa Japani wa wakati huo hawakuwa wote wa kiwango cha wale aliokutana nao Aaron. Na Oh alitumia gongo la mbao iliyokandamizwa na kutiwa gundi ngumu, halali kabisa enzi hizo, lakini ligi ililipiga marufuku mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya yeye kustaafu. Haya yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba misimu ya Japani ilikuwa mifupi, na kwamba Oh alipata homurani moja katika kila majaribio 10.66 huku Ruth akihitaji 11.76 na Aaron zaidi ya 16. Oh na Aaron wenyewe walishindana Novemba 1974 pale pale Korakuen, kila mmoja akirushiwa mipira ya kupiga homurani. Aaron alishinda 10 kwa 9. Baadaye wakawa marafiki na kuanzisha pamoja maonyesho ya besiboli kwa watoto wa dunia, ya kwanza yakifanyika 1990. Kubishana nani zaidi kati yao ni kazi ya watu wenye muda. Gongo la gundi halimfundishi mtu kusimama kwa mguu mmoja, na uzio wa karibu haumfundishi kuacha mpira mbovu.

Doa lipo mahali pengine. Rekodi ya 55 katika msimu mmoja ilipokaribiwa, ililindwa kwa njia isiyopendeza. Mwaka 1985 Randy Bass wa Hanshin alikuwa na 54 akimalizia msimu dhidi ya Giants, meneja wakati huo akiwa Oh mwenyewe, na warushaji wakamnyima mipira. Tuffy Rhodes alifika 55 mwaka 2001, Alex Cabrera 2002, na wote walipokutana na Daiei Hawks, timu ambayo Oh alikuwa meneja wake wakati huo, walipewa vituo vya bure badala ya mipira ya kupigwa. Inasemekana Oh hakutoa amri. Inawezekana. Lakini meneja anayenyamaza pale anaposema kocha wake ameshasema, na mtu ambaye alijua kuliko yeyote maana ya kungoja mpira mmoja mzuri alikuwa na sababu zaidi ya kuzungumza. Mwaka 2013 Wladimir Balentien, mzaliwa wa Curaçao, aliivunja akiwa na Yakult na kufika 60, na mbingu hazikuanguka.

Waliomwiga walikuwa wengi, hasa mguu. Hata leo wapigaji wa Japani huinua mguu juu kuliko wenzao wa nchi nyingine, ila wanauinua na kuushusha. Karibu hakuna anayebaki juu. Hawana sababu. Hawana ule ugonjwa wa mikono, na bila ugonjwa dawa ile ni mateso matupu: miaka ya mazoezi ya kusimama, upanga, karatasi, mikeka iliyotoboka, ili kupata kitu ambacho miguu miwili ingewapa. Kwa Oh peke yake hesabu ilikubali. Mgema huyu alisifiwa misimu 19 na tembo lake halikutiwa maji: kila mwaka kuanzia 1962 hadi 1980 hakukosa kufikisha homurani 30.

Msimu wa 1980, akiwa na miaka 40, alizipiga 30 kamili, na wastani wake wa mapigo ulishuka hadi .236. Klabu yoyote ingemlipa aendelee. Yeye aliangalia jambo jingine. Mipira aliyokuwa akiiona vizuri sasa ilimpita, na mguu ulipokuwa juu aligundua anafikiria kuushusha, jambo ambalo hakuwa amelifikiria tangu Kawasaki. Kwake hilo lilitosha kuwa jibu, na mwisho wa msimu akaacha kupiga.